Uzi Mwekundu kwenye Waya Mweusi

Baba aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilidanganya. Mara ya kwanza nilisema "mm." Akauliza kutoka chini ya basi, "Mm ya ndiyo au mm ya subiri?" Nikasema ndiyo.

Basi lenyewe ndiyo nyumba yetu. Viti viling'olewa kabla sijazaliwa. Baba ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti, madirisha na matela, na kazi ikiisha mahali anawasha injini tunahamia kwingine. Mama ni fundi cherehani. Cherehani yake imefungwa kwa bolti nyuma ya kiti cha dereva ili isije ikatuangukia kwenye kona. Mimi nasoma shule yoyote ninayoikuta. Nikianza kuzoea majina ya wenzangu tunaondoka, kwa hiyo siku hizi hata sianzi. Nyumbani wananiita Kimya. Baba ana utani wake: "Kimya akikaa kimya, ujue amekubali." Kila mtu hucheka, na mimi nacheka, maana ni utani unaonipunguzia kazi ya kujibu.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na kitanda chake karibu na mlango. Kisha mapafu yake yakachoka, akapelekwa hospitali, akakaa wiki tatu. Daktari alisema anaweza kutoka, ila awe kwenye mashine ya oksijeni mchana na usiku, na umeme usikatike. Kama huko nyumbani umeme hauna uhakika, abaki wodini. Tulipokwenda kumwona alimshika Baba kidole kimoja, akamwambia, "Nitoe hapa." Mama alituambia baadaye kwamba kila alfajiri mle wodini kuna kitanda kinakutwa kitupu, na Bibi alikuwa anavihesabu.

Ndipo Baba akaenda kwa Fundi Betri, mzee mmoja aliyefunga miwani yake kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nilikuwepo, nimekaa juu ya tairi. Fundi alichora chini kwa kijiti. Paneli mbili za sola juu ya paa. Betri mbili kubwa nyuma, nje, kwenye sanduku lenye matundu, kwa sababu betri zikichajiwa zinatoa hewa inayoshika moto. Inveta ndani, chini ya kitanda cha mgonjwa. Hiyo ndiyo inayoubadilisha umeme wa betri uwe kama wa ukutani, mashine ikubali kuunywa.

"Ila wewe nakuogopa," alimwambia Baba.

"Mimi tena?"

"Nyinyi watu wa kuchomelea. Nyinyi mkigeuza nyaya, chuma bado kinashika, au nasema uongo?"

"Kinashika vibaya, lakini kinashika."

"Sasa hii haina kushika vibaya. Ukipeleka hasi kwenye chanya, inveta itasema pah, na haitasema neno lingine maisha yake yote. Mita ya kupimia umeme unayo?"

"Nitaazima."

"Kama huna mita, chumvi kwenye maji. Chovya ncha mbili, zisigusane. Ile inayotoa povu ndiyo hasi."

Baba wakati huo alishainama kubeba betri, inayolingana uzito na mfuko wa saruji, na alikuwa anaguna. Sijui kama alisikia. Mimi nilisikia. Watu wasioongea wanasikia mambo mengi.

Kutoka kwenye betri mpaka chini ya kitanda ni kama hatua sita za mtu mzima, na hatukuwa na nyaya nene za kufika. Ijumaa Baba alichukua nyaya za mashine yake ya kuchomelea akazikata. Mama aliacha kukanyaga cherehani akamtazama.

"Utafanyia nini kazi?"

"Nitasogea karibu na chuma," Baba akasema.

Zilikuwa nyeusi zote mbili. Ndiyo sababu ya uzi. Mama alikata vipande viwili vya uzi mwekundu, Baba akanikabidhi kama ananikabidhi funguo za benki. "Waya utakaokuwa chanya, funga uzi huku nyuma na funga uzi kule mbele. Mwingine usiuguse. Hiyo ni kazi yako, hakuna mwingine atakayeigusa."

Jumamosi asubuhi nilifunga uzi wa nyuma. Nikafunga na wa mbele, kwenye ncha ya pili ya waya uleule, kabla haujapitishwa. Nyaya zilitakiwa kupita kwenye bomba la chuma chini ya sakafu, na bomba lilikuwa jembamba, kwa hiyo Baba alizipaka sabuni ya kufulia. Alilala chini ya basi anasukuma, mimi niko ndani napokea. Mama akaita nimshikie pindo la pazia. Nilikwenda kidogo tu. Niliporudi, ncha zote mbili zilikuwa zimeshatokeza kwenye tundu, zinang'aa kwa sabuni, na ule uzi wangu ulikuwa sakafuni, umejikunja kama mnyoo.

Nilizitazama zile ncha. Zilifanana kama pacha. Nikakumbuka, au nilidhani nakumbuka, kwamba waya niliofunga uzi asubuhi ulikuwa na mkwaruzo kama ule wa kushoto. Nikaokota uzi. Nikaufunga kwenye wa kushoto, mafundo matatu.

"Umefunga?" Baba akauliza kutoka chini.

Na hapo ndipo niliposema mm.

Ningemwambia muda uleule, lingekuwa jambo la dakika moja. Angezivuta nyaya, angenung'unika, basi. Lakini aliingia anajifuta sabuni, akaniambia, "Kama si wewe ningekuwa nimechanganyikiwa," na mdomo wangu ukafunga. Akafunga ncha kwenye inveta, wenye uzi kwenye alama ya kujumlisha, usio na uzi kwenye alama ya kutoa. Zilikuwa nati zenye masikio, zile za kukaza kwa vidole. Kisha akazifunga nyaya zote mbili pamoja kwa utepe na vibano vya chuma huko chini, zisichezecheze. Sasa hata ukivuta mmoja, zote mbili zinavutika.

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa anamalizia foronya, pini tatu mdomoni. Nikasimama pembeni yake.

"Nini?" akasema katikati ya pini.

"Hakuna."

"Basi usinisimamie kama mdai. Kamtandikie Bibi yako kitanda."

Nikatandika shuka. Chini ya kitanda inveta ilikuwa imekaa, haijawashwa, na uzi mwekundu unaonekana. Niliutazama mpaka nikaanza kuuona unasogea. Nilijiambia nikimaliza kutandika nitasema. Nilipomaliza nilijiambia Baba akishuka kutoka juu ya paa nitasema. Alikuwa anakaza paneli ya mwisho na anaimba, na Baba akiimba ujue ana wasiwasi.

Gari la wagonjwa lilitakiwa saa nane. Lilifika saa sita.

Akashuka nesi, mwanamke mfupi mwenye faili kwapani, na dereva, wakamtoa Bibi akiwa kwenye machela. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Mrija umepita puani, umeunganishwa na mtungi wa chuma, na mtungi unatoa sauti, sss, kama mtu anayemnyamazisha mwenzake. Walimlaza kitandani, mtungi ukasimamishwa kichwani kwake, na mashine ya oksijeni waliyokuja nayo ikawekwa miguuni, imechomekwa kwenye inveta. Nesi akaitisha mkutano palepale.

"Hakuna moto humu. Hakuna sigara, hakuna kiberiti, hakuna mshumaa. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini moto ukiikuta unafurahi. Kacheche kadogo tu kanatosha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada," Mama akasema.

"Mtungi huu una nusu saa." Akatuonyesha mshale wa geji. "Kaka, nataka nione mashine inawaka na inafanya kazi dakika kumi bila kukatika. Ikishindikana, samahani, narudi na mgonjwa wangu. Na kitanda chake nikimpa mtu, sijui lini nitawaita tena."

"Itawaka," Baba akasema. "Nyuma kumebaki nati mbili tu." Akanigeukia. "Kimya, kaa na Bibi. Nikiuliza tayari, unajua la kufanya."

Walicheka, hata Mama. Nesi akauliza kuna nini, na Mama akawa anamweleza ule utani huku wanateremka kwenda kutia sahihi karatasi kwenye boneti ya gari lao.

Nikabaki na Bibi. Alikuwa ananitazama.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto. Kati ya neno na neno alivuta hewa. "Umenuna... au unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Nikaikalia mikono yangu.

Nilikuwa naona kila kitu kama kimeshatokea. Baba anakaza nati. Pah. Cheche chini ya kitanda, mtungi unatoa sss, shuka niliyoitandika mwenyewe. Na hata kama moto hautatokea, inveta imekufa, mshale umefika kwenye nyekundu, machela inarudi garini, na alfajiri moja kitanda kingine kitupu. Yote kwa sababu ya mafundo matatu. Ningeweza kusimama mlangoni niseme. Lakini pale nje walikuwepo nesi na dereva na Mama anacheka, na Baba alishasema itawaka, na ningesemaje? Nilidanganya? Mbele za watu?

Kwa hiyo nikafikiria kama mtu mwoga anavyofikiria. Nikasema moyoni, nitafungua zile nati mbili. Baba akiunganisha nyuma, hakuna kitakachotokea. Ataingia kuangalia kuna nini, na hapo nitamnong'oneza sikioni, mimi na yeye tu.

Nikaingia chini ya kitanda. Nati zililegea kwa vidole. Nikatoa waya wa kulia, nikatoa wa kushoto.

"Tayari huko ndani?" Baba akaita kutoka nyuma.

Sikujibu. Nilikuwa bado nahangaika na nyaya.

"Haya," Baba akasema, na nikasikia spana inagonga nguzo ya betri.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Ncha mbili za shaba zilikuwa mikononi mwangu, moja kila mkono, na sasa zilikuwa na umeme wa betri zote mbili. Fyuzi, ile ya kuukata umeme ukizidi, ilikuwa huku mbele, pembeni ya inveta, kwa hiyo mikononi mwangu hapakuwa na kitu cha kuukatiza. Fundi Betri alisema umeme ule hauui mtu akiugusa. Alisema pia kwamba ncha zikigusana zinayeyusha spana. Na zile nyaya nene zilikuwa zimekunjwa kwa nguvu kutoka kwenye bomba, kwa hiyo zilikuwa zinajivuta zenyewe, kila mmoja unataka kurudi kwa mwenzake. Bado zilikuwa na sabuni. Niliona zinateleza kidogo kidogo ndani ya ngumi zangu. Kuziweka chini siwezi, sakafu ni chuma. Kando kitanda ni chuma. Juu yangu mtungi, sss.

"Mbona hakuna hata taa ndogo?" Baba akasema nyuma. "Kimya?"

Nikasema Baba. Ilitoka hewa tu. Nikajaribu tena, ikatoka hewa tena.

Uso wa Bibi ukatokea pembeni ya kitanda, kichwa chini, mrija unaning'inia. Aliona mikono yangu. Sijui kama alielewa ni nini, lakini hakuuliza.

"Mimi... pumzi sina," akasema. "Wewe mapafu yako... mazima. Kwa nini... unanibakizia mimi... kazi ya kupiga kelele?"

Waya wa kushoto uliteleza upana wa ukucha.

"Baba," nikasema, na safari hii ilisikika mpaka kwenye gari la wagonjwa, kwa sababu Mama aliacha kucheka. "Toa waya kwenye betri. Usije ndani. Toa kwanza."

Baba hakuuliza kwa nini. Nilisikia spana ikigonga, ikateleza, ikagonga tena. Kisha akasema, "Nimetoa. Zote mbili nimetoa. Kimya, nimezishika mkononi." Sauti yake haikuwa yake.

Hata hivyo sikuweza kuachia. Alikuja akalala kifudifudi chini ya kitanda, akanifungua vidole kimoja kimoja. Nikamwambia. Niliongea nikiwa nautazama uzi. Sabuni, pazia, uzi sakafuni, wa kushoto au wa kulia sijui. Yote, na mlangoni wamesimama watu watatu.

Baba alizitazama ncha, kisha inveta. Akakuna shingo.

"Mita sijaazima," akasema polepole, si kwangu, labda kwa nesi. "Nilijiambia waya ni waya."

"Chumvi," nikasema. "Fundi alisema chumvi kwenye maji. Yenye povu ni hasi."

Nesi alisema mshale uko robo. Alisema kama hatujui umeme tunaopeleka kwa mgonjwa, ni bora aondoke naye sasa. Mama, ambaye huwa anamheshimu hata kondakta, akamwambia, "Dada, dakika tano. Mtoe nje kwenye kivuli, hawa wapike chumvi yao. Ikishindikana nitakusaidia mwenyewe kubeba machela." Wakamtoa Bibi na mtungi wake. Alipopita mlangoni aliniwekea mkono kichwani, mwepesi kama jani.

Baba alifunga kila ncha kwa kitambaa kikavu, akaziweka mbalimbali, moja juu ya kiti, nyingine juu ya gazeti. Kwenye kila ncha akaunganisha waya mwembamba wa taa ya cherehani. Mama akaleta kikombe cha plastiki cha maji, nikatia chumvi vijiko viwili, nikakoroga. Baba akaenda nyuma, akaunganisha, akarudi mbio, akachuchumaa karibu yangu. Akachukua ncha moja, mimi nyingine. Ile yangu ilikuwa ya kushoto, ya uzi.

Tukachovya.

Yake haikufanya kitu. Yangu ilianza kuchemka, povu jembamba jeupe likipanda kutoka kwenye shaba kama soda iliyofunguliwa.

"Maana yake nini?" dereva akauliza kutoka nje.

"Wenye uzi ndio hasi," nikamjibu. Baba alitoa ncha yake kwenye maji akaifuta kwenye suruali. Akakaa sakafuni.

"Ungeniambia asubuhi," akasema.

"Ungekasirika."

"Ningekasirika." Akafikiri. "Halafu ningechukua chumvi."

Nilikuwa nalia, lakini bila sauti, hiyo kazi naijua vizuri. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Ile mm yako niliisikia. Nilijua si ya ndiyo. Nilisikia, nikaiacha, kwa sababu sikutaka nesi afike anikute bado napima." Akafungua yale mafundo matatu kwa meno, akanipa uzi. "Funga wewe."

Nikaufunga kwenye wa kulia. Mafundo matano. Juu yake nikazungusha utepe. Baba alipokwisha kutenganisha betri tulibadilisha nyaya kwenye inveta, na nati za masikio nilizikaza mpaka zikaacha alama vidoleni. Wakamrudisha Bibi kitandani, na safari hii nesi alisimama na mtungi nje ya mlango, mrija umevutwa mpaka mwisho, mkono wake juu ya koki. Mshale ulikuwa umeingia kwenye nyekundu.

Baba akaenda nyuma. Nikasikia anaokota spana.

"Tayari huko ndani?"

Nilitazama uzi. Nikatazama alama ya kujumlisha. Nikafuata waya kwa macho mpaka unapozama kwenye tundu, nikarudi.

Huko nyuma hapakuwa na sauti yoyote. Spana haikugonga. Nesi alimtazama Mama, Mama akanitazama mimi, na Baba alikuwa anasubiri. Nilielewa kwamba angesubiri hivyo hivyo mpaka mtungi uishe.

"Bado," nikasema. Nikazigusa nati zote mbili tena, moja, mbili.

"Sawa. Bado," Baba akarudia.

"Sasa tayari."

Spana ikagonga. Kukawa na tak ndogo nyuma, Fundi alishatuambia itakuwepo, hata hivyo nilijikunja mikono kichwani. Nilipofungua macho kulikuwa na taa ya kijani chini ya kitanda. Nesi akabonyeza mashine. Ikakohoa, ikatulia, ikaanza kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa. Akabadilisha mrija, akafunga koki ya mtungi, na ile sss ikakoma.

Alikaa dakika kumi, kisha kumi nyingine za kwake mwenyewe. Hakusema tumefanya vizuri. Alipokuwa anaondoka alimwambia Baba aihamishe ile fyuzi ikae karibu na betri, na aazime mita, kweli.

Bibi alilala mchana ule mdomo wazi. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda chake, nikisikiliza. Kila mashine ilipobadilisha sauti, hata kidogo, nilihesabu mpaka irudi. Baba alikuwa nje anaandaa mahali pa kuhamishia fyuzi. Kila alipotaka kugusa kitu aliniita kwanza, na mimi nilimjibu, kwa neno zima.